Kisigino cha Andy Hug

Katika mabingwa wote wa mchezo wa ngumi na mateke, ambaye sichoki kuyatazama mapambano yake ni Andy Hug, Mswisi aliyezaliwa Zürich mwaka 1964 na kulelewa na bibi na babu yake mjini Wohlen. Alianzia kwenye karate ya Kyokushin, ambayo hairuhusu ngumi za usoni, na mwaka 1987 alifika fainali ya dunia jijini Tokyo, akashindwa na Shokei Matsui.

Alipoingia K-1, mashindano ya Kijapani ambako ngumi za usoni ni halali, pengo hilo lilimponza upesi. Aprili 1994 Patrick Smith alimmaliza kwa sekunde 19 tu, ingawa Septemba mwaka huohuo walirudiana na Hug akamwangusha katika raundi ya kwanza. Mwaka 1995 Mike Bernardo wa Afrika Kusini, aliyemzidi kimo kwa zaidi ya sentimita 10, alimshinda mara mbili.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 6 Mei 1996, katika ukumbi wa Yokohama Arena, una uzito wa pekee kwangu. Mashindano ya K-1 yalimalizwa usiku huo mmoja: Hug alikuwa amekwisha kupigana mara mbili, na pambano la pili, dhidi ya Ernesto Hoost, lilikwenda hadi raundi za nyongeza; kisha fainalini akamkuta Bernardo yuleyule. Watu humkumbuka zaidi kwa teke la kupandisha mguu juu ya kichwa cha mpinzani na kukishusha kisigino kama shoka, lakini kwa maoni yangu silaha yake kuu ilikuwa nyingine: alijizungusha, akageuza mgongo kwa kitambo kidogo, kisha kisigino kikatua pajani kutoka upande ambao mpinzani hakuutarajia. Teke hilo ndilo lililomwangusha Bernardo na kumpa Hug taji.

Alifika fainali tena mwaka 1997 na 1998, akashindwa na Hoost, kisha na Peter Aerts. Mwezi Julai 2000 alishinda pambano lake la mwisho huko Sendai katika raundi ya kwanza, na hakuna aliyemtazama usiku ule ambaye angedhani ni mgonjwa. Tarehe 24 Agosti alifariki jijini Tokyo kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 35.