Bendi ya jazi ya shule yetu, Tabora: wiki ya 6 hadi ya 9

Wiki ya 6

Pistoni ya pili ya tarumbeta kuukuu imekubali kupanda na kushuka. Tumeitoa, tukaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaifuta kwa kipande cha kanga na kuipaka mafuta mepesi. Vijana walinizunguka kimya mpaka ilipolia.

Shida yenyewe ilikuwa kwingine. Niliwaambia wote waanze na noti ya C, ikatoka kelele ya kutia ganzi meno. Kosa ni langu: C ya tarumbeta hulia kama B flati (B iliyoshushwa nusu sauti) ya kinanda, na C ya saksofoni ya alto hulia kama E flati. Sasa tunafanya kazi kwenye B flati ya kinanda. Tarumbeta wanashika C yao, alto anashika G yake, na sauti hiyo wote tunaiita do. Karibu kila mmoja wao amekulia kwenye kwaya, kwa hiyo solfa, yaani do, re, mi, wanaiimba kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Sikujua nina hazina hiyo darasani.

Wiki ya 7

Blues ya baa 12, baa moja ikiwa mapigo manne. Ubaoni niliandika kodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja, kwa jina la sauti ya chini yake: do baa 4, fa 2, do 2, sol 1, fa 1, do 2. Kibao cha kwanza ni C Jam Blues ya Duke Ellington, ya mwaka 1942, kwa kuwa wimbo wake una sauti mbili tu, sol na do. Hata wa kidato cha kwanza waliupata siku hiyohiyo.

Lakini ulitoka kama gwaride. Sauti zikiwa mbili, utamu wote uko kwenye mapigo, na jazi haitaki pigo ligawanywe katikati sawasawa: kipande cha kwanza kinavutwa, cha pili kinafupishwa. Nikaeleza, nikachora, nikapiga makofi. Haikuingia. Simbali, ile sahani ya kupigwa ambayo ingewashikia pigo hilo, tunayo moja, nayo imepasuka.

Kesho yake binti wa kidato cha pili akaja na manyanga ya babu yake. Ukiyashika utaona: punje za ndani hazigongi papo hapo mkono unapokwenda. Zinapanda, zinachelewa kidogo, ndipo zinaanguka. Akatikisa: chaa, chaa-ka-chaa, chaa-ka. Mpiga besi akatingisha kichwa, akaingia. Tarumbeta wakafuata. Nilisimama na chaki mkononi, sina la kuongeza.

Wiki ya 8

Majaribio ya muhula. Tulikutana mara moja tu, dakika 40.

Wiki ya 9

Amekuja mzee wa mtaa wa jirani, aliyewahi kupiga gitaa la rithimu kwenye dansi. Vijana walimwuliza kama Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids walipiga hiki tunachojifunza. Akawaambia jazz lilikuwa jina la bendi, muziki wenyewe ulikuwa dansi, na rumba ya Kongo ilikuwa imeingia humo kwelikweli. Akawasimulia pia habari za Shem Karenga, aliyetoka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma akaja kutamba hapa na Tabora Jazz. Mji huu umetoa wanamuziki, na nilifurahi wanafunzi wangu walisikie hilo kwa mtu aliyekuwepo.

Kisha tukapiga. Solo ilikuwa ya kijana wa kidato cha tatu ambaye darasani sauti yake huisikii. Mzunguko wa kwanza alikaa kwenye sol na do. Wa pili akaingiza ma na ta, yaani mi na ti zilizoshushwa, zile sauti zinazoipa blues kilio chake. Alipofika baa ya tisa akaondoa tarumbeta mdomoni, akanyamaza baa mbili nzima. Besi ikasikika peke yake na manyanga. Akarudi baa ya 11 na sol moja ndefu.

Hakuna aliyemfundisha kunyamaza vile. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimeona wanafunzi wakipata A nyingi, lakini leo machozi yalinilengalenga mbele yao.

"Shikamoo babu," kijana alisema alipomaliza, kama ndiyo kwanza amemwona.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pale uliponyamaza, nani alikuonyesha?"

"Nilikuwa namsikiliza dada wa besi."

Wiki ya 10: saksofoni ijaribu solo yake, na nitafute simbali nzima. Ikipatikana, manyanga yanabaki palepale.