Jinsi nilivyopata picha ya mwezi Bagamoyo kwa wikiendi za mfanyakazi

Mi ni mtu wa ofisini hapa Dar, Jumatatu mpaka Ijumaa natoka saa kumi na moja jioni na Jumamosi moja moja tunaitwa mpaka saa saba mchana, kwa hiyo safari zangu zote za picha lazima zitoshe kati ya Jumamosi mchana na Jumatatu alfajiri. Kamera ninayo tangu 2019, Nikon D5300 ya mtumba, ilikuja na ile lenzi ndogo ya 18-55, baadae nikanunua kwa mtu lenzi ya 70-300 na stendi. Sijawahi kuuza picha na sina mpango huo. Napenda tu, na nikikaa mwezi mzima bila kutoka najisikia vibaya mpaka nyumbani wanajua.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakimbizana na ramani. Wikiendi hii Moro, ile Lushoto, nyingine Mikumi. Lushoto ukitoka Dar kwa basi siku inaishia njiani, unafika umechoka, Jumapili asubuhi unapiga picha mbili tatu pale Irente halafu unawahi basi la kurudi. Mikumi bila gari lako ni maumivu kwa sababu barabara ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, unawaona tembo kwa macho yako kabisa kwenye dirisha la basi lakini basi halisimami, na kukodi gari peke yako kwa mshahara wangu haiwezekani. Moro siku hizi sawa, treni ya SGR imeanza Juni 2024, unaenda asubuhi unarudi usiku, ila wakati ule haikuwepo. Nilikuwa narudi na picha mia tatu ambazo ukiangalia vizuri zote ni za mtu anayepita.

Ndipo nikaanza kwenda Bagamoyo, kwa sababu moja tu, ni karibu. Unapanda gari Makumbusho, kilomita kama sabini, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, umefika. Gesti niliyokuwa nalala ilikuwa elfu ishirini na tano na ukitoka hapo ufukweni unaenda kwa miguu. Wikiendi ya kwanza nilipiga vile ambavyo kila mtu anapiga, milango ya Mji Mkongwe, magofu ya Kaole na ule msikiti wa karne ya 13, mnada wa samaki pale karibu na gofu la forodha ya Wajerumani. Jioni nikakaa mchangani nikagundua kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria: pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka baharini lakini linazama nyuma yako, kwenye nyumba na minazi. Kwa hiyo jioni baharini hakuna jua, ila kuna kitu kingine kinachotoka huko huko baharini muda ule ule, mwezi mpevu. Nikaiona ile picha kichwani, mashua imetulia, mbingu bado ina rangi ya bluu na waridi, mwezi mkubwa juu ya mlingoti. Nikasema nairudia hii sehemu mpaka niipate. Hiyo ilikuwa 2021 na sikujua kama itanichukua mpaka 2024.

Mara ya kwanza Novemba 2021. Mwezi mpevu ulikuwa Ijumaa, mi nikaenda Jumamosi, nikajiambia siku moja ina tofauti gani. Ina tofauti kubwa sana! Mwezi unachelewa kutoka karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo jua lilizama, rangi zikaja zikaisha, giza likaingia, na mwezi wenyewe ukatoka kama saa moja na robo usiku. Nikiweka kamera ionyeshe mashua, mwezi unakuwa duara jeupe kama taa, hauoni alama hata moja usoni. Nikiweka ionyeshe mwezi, mashua zinapotea kabisa. Ile picha inawezekana kwa dakika kama ishirini tu, pale mwanga wa mwezi na mwanga uliobaki wa jua unapokuwa karibu sawa, na huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza haliombi ruhusa, linaingia. Kwa hiyo sikuhitaji tu siku ya mwezi mpevu, nilihitaji siku ambayo mwezi unatoka karibu kabisa na jua kuzama, dakika chache kabla au baada. Saa hizo unazipata kwenye apu za simu bure.

Desemba nikarudi, saa nimeshazisoma, Jumamosi, nimefika mapema nimesimamisha stendi kwenye mstari wa mashua. Mwezi ukatoka kwa wakati, mzuri mno, ila ukatokea kaskazini mashariki ambako ni maji matupu, na mashua zote zilikuwa zimefunga nanga kulia kwangu. Nilibeba stendi nikakimbia kwenye mchanga, nikafika mwezi umeshapanda juu na mbingu nyeusi.

Pale kulikuwa na mzee mmoja, nahodha, anashona nyavu, aliniangalia muda wote nikikimbia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, unamfukuza nani? Nikamweleza. Akanicheka kidogo halafu akanyoosha mkono upande wa Mbegani, kusini mashariki, akasema mwezi unaoutaka wewe ni wa kipupwe, wakati wa kusi, upepo wa kusini, huo unatokea kule, na mashua ukikaa huku juu utaziona ziko usoni mwake. Wakati huu wa kaskazi mwezi unatokea nje huko. Nilipofika nyumbani nikahakikisha kwenye apu na ndivyo ilivyo, mwezi mpevu unakaa upande wa pili wa jua, jua likienda kusini Desemba mwezi unaenda kaskazini, na Juni na Julai kinyume chake. Yeye hakuhitaji apu.

Akaniambia na kitu kingine ambacho ndicho kilichobadilisha kabisa namna ninavyopanga safari. Nilimuuliza mbona leo mashua nyingi zimelala hapa, siku nyingine nikija naziona chache. Akasema hao wa dagaa, mwanangu, wanavua kwa taa, dagaa wanaifuata taa kwenye giza, sasa mwezi kumi na nne bahari yote ni taa, dagaa wamfuate nani? Kwa hiyo mwezi ukijaa wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mashua, giza likirudi wanaondoka na hutawakuta. Yaani mwezi ule ule ninaoutaka kwenye picha ndio unaoziacha mashua nyumbani. Na ndio unaowapa wenyewe muda wa kuongea, maana siku za kazi ukimsogelea mvuvi na kamera wakati anashusha samaki kwa kweli unamkera, na ana haki.

Tangu siku ile nikaacha kupanga wikiendi kwa mwezi wa kalenda, nikaanza kupanga kwa mwezi wa angani. Mshahara unafuata ule wa kwanza, picha zinafuata huu wa pili. Nilikaa na mke wangu tukakubaliana, wikiendi moja kwa mwezi ni ya Bagamoyo, ile iliyo karibu na mwezi kumi na nne, naziandika mapema kwenye kalenda ya ukutani jikoni na nyingine zote ni za nyumbani. Kabla ya hapo ugomvi haukuwa pesa, ilikuwa ni kwamba nilikuwa naamua Ijumaa jioni. Akishajua mwezi mzima kabla, hata chapati ananifungia. Na bajeti ikatulia pia, nauli kwenda na kurudi, gesti, chakula (pweza na mihogo jioni haziumizi), bodaboda nikiwa nimechoka, nilikuwa sizidi elfu sitini. Lushoto iliwahi kunila mara tatu ya hiyo.

Maji nayo ilibidi niyasome. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu kwenye bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa kabisa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake jua linapozama maji yako njiani yanatoka, mashua za karibu na ufukwe zinaanza kugusa mchanga na kulala ubavu, za mbele kidogo bado zinaelea. Kwa hiyo unachagua za mbele. Usichague mashua saa kumi maji yakiwa yamejaa halafu ukatulia, utashangaa saa kumi na mbili na nusu mashua yako imeinama kama mtu mgonjwa, mimi ilishanitokea. Na kama unataka mchanga wenye mistari na madimbwi, hiyo ni kazi ya asubuhi, saa mbili mbili hivi maji yameshakwenda mbali.

Pasaka ya 2022 niliitegemea sana. Pasaka kila mwaka inafuata mwezi mpevu, ndivyo inavyohesabiwa, kwa hiyo ile likizo ya siku nne kuanzia Ijumaa Kuu haiwi mbali na mwezi mkubwa, na mwaka ule viliangukia pamoja. Nikasahau kwamba ni masika. Mawingu siku zote tatu, sikuuona mwezi hata mara moja, nilichopata ni picha za mafundi wanapiga kalafati, yaani wanaziba nyufa za mashua, chini ya turubai mvua ikinyesha. Hizo nazipenda mpaka leo. Juni na Julai mwaka ule mwezi mpevu uliangukia katikati ya wiki. 2023 tulipata mtoto, kamera ikakaa kabatini karibu mwaka mzima na sikuona hasara yoyote.

Halafu nikaona kwenye apu, Jumapili tarehe 21 Julai 2024, mwezi unatoka kama dakika kumi baada ya jua kuzama, upande wa Mbegani, kipupwe. Tatizo ni Jumapili na kesho yake kazini saa mbili. Nikaamua nalala Bagamoyo na kurudi na gari la kwanza la alfajiri, nguo za kazi nikazikunja kwenye begi chini ya kamera.

Nilifika ufukweni saa kumi. Nikamtafuta nahodha, akanipa kijana wake akae na mimi, kwa sababu peke yako na kamera jioni ufukweni sio vizuri, na nilimpa kitu kidogo. Tukatembea kwenda upande wa kaskazini mbali na mnada, karibu mita mia tatu kutoka kwenye mashua niliyoichagua. Hii nayo ilinichukua muda kuielewa, mwezi hauwi mkubwa kwa kuisogelea mashua, unakuwa mkubwa kwa kwenda mbali na kuvuta lenzi, mashua inabaki ya kawaida na mwezi unajaa nyuma yake. Stendi nikaizamisha miguu mchangani, nikaning'iniza begi katikati maana kusi lilikuwa bado linavuma, kitambaa mfukoni cha kufuta chumvi kwenye lenzi kila baada ya dakika chache.

Jua likazama nyuma yetu. Muda wa mwezi ukafika, hakuna kitu. Pale chini kuna ukungu wa bahari na mbingu bado nyeupe, mwezi umeshatoka ila hauonekani. Nikajua nimekosa tena, miaka karibu mitatu, nikahisi tumbo limeshuka. Yule kijana ndiye aliyeuona kwanza, akasema kaka ule pale, na kweli, kipande cha rangi ya kifuu cha nazi kimekaa juu ya maji, huwezi kukiona mpaka uonyeshwe. Dakika tano baadae umekuwa wa rangi ya embe. Mbingu ikaingia ile rangi, kusi likalegea, mashua ikaacha kuyumba. Lenzi nimeivuta 200, shata 1/125 ili mashua isitikisike kwenye picha. Nilipiga taratibu, sikupiga nyingi, arobaini na kitu. Alama za usoni mwa mwezi zinaonekana zote na ubao wa mashua unaonekana mpaka jina lililoandikwa kwa rangi pembeni. Halafu ikaisha, kama taa imezimwa, nikafunga begi.

Usiku sikulala vizuri, nilikuwa nawasha kamera naangalia. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye gari, saa mbili kasorobo niko kazini na mchanga kwenye soksi.

Mwezi uliofuata nilichapisha picha sita kule Kariakoo, nikaenda nazo Bagamoyo, moja ya yule kijana na nyingine za mashua. Nahodha aliishika ile ya mwezi kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akakaa nayo kimya. Mi nilidhani anaangalia mwezi. Akaweka kidole kwenye kamba ya nanga, jinsi ilivyokaza na mashua ilivyoelekea, akasema hapa maji yanatoka, na kusi limeshalegea, saa moja kasorobo hivi. Nikatoa simu nikafungua faili la ile picha. Ilikuwa imeandikwa 18:47.