Lenzi ya jicho moja kwa mbali, la pili kwa karibu

Ukishapita miaka 40, lenzi za kuvaa juu ya jicho zinazokuonesha kisiwa cha Manda vizuri ukiwa Lamu hazikusaidii tena kusoma ujumbe kwenye simu. Njia mojawapo ni kugawa kazi: jicho moja lione mbali, la pili lione karibu, na ubongo uchague.

Jicho linaloongoza ndilo hupewa mbali. Nyoosha mikono, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama mlingoti wa jahazi ukiwa umefungua macho yote, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kuuona mlingoti ndilo linaloongoza.

Hesabu yake ni hii: namba yako, yaani nguvu ya lenzi uliyoandikiwa, ikiwa -3.00 pande zote na nyongeza ya kusomea ni +1.50, jicho la karibu huvaa -1.50. Asiye na namba ya mbali huvaa lenzi moja tu, +1.50. Mtu akipewa nyongeza ya +2.50 mara moja, tofauti ya macho huwa kubwa mno, kichwa huuma, na wengi huacha hapo. Ni heri kuanza na +1.00 au +1.25, hata kama maandishi madogo bado yana ukungu, na kujipa wiki mbili au tatu.

Kinachopungua ni kupima kina, na Lamu hilo si jambo dogo. Pengo kati ya ngazi za gati na mashua hupimwa kwa macho mawili. Siku za mwanzo shika mkono wa baharia, na ngazi za nyumba za kale zishuke taratibu. Anayeendesha tuktuk Malindi usiku ataona taa zimetawanyika. Atengeneze miwani ya kuvaa juu ya lenzi, -1.50 upande wa jicho la karibu, upande wa pili kioo kisicho na namba. Mshona kofia naye afanye kinyume: +1.50 mbele ya jicho la mbali, maana sindano inataka macho yote mawili.

Lenzi hizi hazifanani, kwa hiyo anza kuvaa ya kulia kila siku. Usizioshe kwa maji ya kisima wala ya bomba, wala usiogelee nazo Shela: kuna vijidudu vya majini vinavyokula kioo cha jicho. Dawa ya jana ya kuhifadhia lenzi imwage, usiiongezee mpya.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, vua zote mbili, umwone daktari wa macho siku hiyohiyo, na umpelekee lenzi pamoja na kikasha chake.