Uvimbe nyuma ya goti: usikimbilie kuutumbua

Uvimbe laini kwenye mkunjo wa goti, upande wa ndani, mara nyingi ni uvimbe wa Baker: ute wa goti umesukumwa nyuma na haurudi kwa urahisi. Simama, nyoosha mguu, uubonyeze: huwa mgumu. Kunja goti kidogo, unalainika. Ukibaki mgumu hata hivyo, au ukidunda kama mapigo ya moyo, usingoje. Nenda ukapigwe altrasaundi.

Kuufyonza kwa sindano pekee mara nyingi hakutoshi. Chanzo mara nyingi kiko ndani: gegedu, tishu inayokinga mifupa kwenye kiungo, iliyolika au kuchanika. Usipolitibu goti lenyewe, huenda ukajaa tena.

Na tafadhali, kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, usikichue. Huenda uvimbe umepasuka, huenda damu imeganda kwenye vena. Kwa macho huwezi kutofautisha. Hospitali siku hiyohiyo.