Kumbukumbu ya kanda mseto: mvumo wa hezi 50 umekubali, sasa mota ndiyo imegoma

Mliouliza jalada la kanda yetu ya horrorcore (rap ya kutisha) limefikia wapi: halijafika popote. Nilisema kumbukumbu hii itakuwa ya jalada, jinsi ya kuchonga linoleamu na kuchapa kwenye karatasi ya khaki. Haitakuwa. Itakuwa ya mvumo, ule wa umeme unaoingia kwenye kaseti, maana umenikalia kichwani tangu vuli, na juzi usiku umekubali kuingia kwenye biti. Nisipoandika sasa nitasahau ile skrubu niliizungusha upande gani.

Tulipofika ni hapa. Biti za upande A zimekamilika kwenye laptopu. Mistari ya wana watatu imerekodiwa, wa nne bado anaandika upya kila Jumapili. Kilichobaki ni kuziingiza kwenye kaseti na kuzichafua zinavyostahili. Hapo ndipo kila kitu kilipokwama.

Kijiweni mnajua tuna kambi mbili, kila moja na mji wake wa Marekani. Kambi ya Detroit wanapenda visa: Esham na albamu yake ya 1989, halafu Insane Clown Posse na nyuso zao za rangi, na wale mashabiki wao Juggalo ambao mwaka 2011 FBI iliwatia kwenye ripoti ya magenge. Hicho kisa cha FBI kinasimuliwa kila wiki na bado wanacheka. Mimi ni kambi ya Memphis. DJ Spanish Fly, DJ Squeeky, DJ Paul na Juicy J kabla dunia haijawajua, Tommy Wright III. Kaseti za kunakili nyumbani, zilizouzwa mkono kwa mkono na kwenye buti za magari. Three 6 Mafia, kundi la DJ Paul na Juicy J, walitoa albamu yao ya kwanza 1995, na mwaka 2006 wakabeba Oscar. Watu walewale wa kaseti za kuzimu, wamevaa suti! Lord Infamous, mwenzao wa kundi, hakuwepo jukwaani, na 2013 akafariki. Gangsta Boo, aliyewahi kuwa nao, naye akatutoka siku ya mwaka mpya 2023. Kwangu mimi, kutisha kwa Memphis hakumo kwenye maneno. Kumo kwenye sauti. Kaseti imenakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, juu kumekufa, chini kumevimba, na huyo anayechana unamsikia kana kwamba yuko nyuma ya mlango.

Ndicho ninachokitaka. Na kabla hamjaniambia: ndiyo, plagini za kaseti (programu za kuiga sauti yake) nimezijaribu. Zinaongeza mchakacho na kuyumbisha noti kidogo, basi. Mchakacho wake ni uleule mwanzo hadi mwisho wa wimbo, unajirudia, na sikio likishaujua halitishiki tena. Kaseti halisi haijirudii. FL Studio naipenda kwa kupiga biti na sina ugomvi nayo, ila uchafu niliukuta kwenye deki.

Deki nimeinunua Makoroboi, hapa Mwanza, ya milango miwili, mlango mmoja unacheza na wa pili unarekodi. Nikarekodi biti ya kwanza, nikaipeleka kizazi cha pili, yaani nakala ya nakala, kisha cha tatu, na mvumo ukaja. Vuuuuu. Kizazi cha kwanza unausikia ukituliza masikio. Cha pili unausikia ukiwa unaongea na mtu. Cha tatu umekaa sawa na besi na unadai nafasi yake.

Nikavuta chaja ya laptopu ukutani, ukapungua kidogo. Sehemu ya tatizo ilikuwa ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) kati ya laptopu na deki. Mwingine ukabaki. Nikaibeba deki hadi kwa mzee fundi wa Mabatini. Shikamoo, marahaba, akaifungua, akanusa (ananusa kila kitu huyu mzee), akabadilisha kapasita mbili za kuchuja umeme zilizokuwa zimevimba vichwa. Hezi 100 zikashuka vizuri sana. Hezi 50 zikabaki palepale.

“Mzee, huu mwingine unatoka wapi?”

“Ngosha, transfoma hiyo hapo, kichwa hicho hapo.” Akapima kwa vidole umbali wa kati ya transfoma na kichwa cha kusoma utepe, hata shubiri haukufika. “Waliotengeneza walibana. Hapo utafanya nini?”

Nikakata bati la kopo la maziwa, nikaliweka katikati. Likasaidia kidogo. Betri kubwa za tochi nazo nilizifikiria, lakini deki hii haina sehemu ya betri, ina waya wa ukutani tu.

Basi nikaurudia kwenye laptopu. Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina kichujio cha kukata masafa mamoja tu, unakipa 50, kinakata 50. Kikakata. Besi ikaondoka nayo. Biti yangu iko kwenye G maina na lile goma la 808 (besi ya mashine ya ngoma) limetuniwa G ya chini kabisa, ambayo ni hezi 49. Hezi moja tu ya tofauti! Kichujio hakijui kipi ni mvumo na kipi ni 808. Nikabana upana wake, besi ikarudi nusu, mvumo nao ukarudi nusu. Kupunguza kelele kwa kuipa programu sampuli ya mvumo mtupu ndiyo kabisa, sauti za wana zikawa kama zinatoka kwenye bomba, na sio bomba la kutisha.

Nikahamisha biti nzima kwenda D. Hapo 50 ikaacha kugombana na besi, lakini mvumo hauji peke yake, unakuja na watoto wake 100, 150, 200, 250, na wale wakaanza kupigana na ogani. Nikairudisha G. Nikalala na hasira.

Kilichonifungua macho ni hesabu ya kijinga niliyoifanya nikisubiri daladala pale Buzuruga. G ni 49. G-shapu inakaribia 52. Mvumo uko 50, yaani umepanda juu ya G kwa senti 35, na nusu noti nzima ni senti 100. Sasa kwa nini mimi nahangaika kuuondoa? Si niipandishe biti senti 35 niufuate ulipo? Mvumo ukae chini kama noti moja isiyokatika, bure, umeme unanipigia.

Tena angalia hili. Marekani umeme wao ni hezi 60. Hiyo 60 inaangukia katikati kabisa kati ya A-shapu na B, haiko huku wala kule. Mvumo wa kaseti ya Memphis hauna noti ya kuishi. Wa Mwanza unayo. Nilishuka Nyegezi nikicheka peke yangu.

Nikapandisha kila chombo, ogani, kengele, 808, vyote senti 35. Hezi 150 za mvumo zikatua karibu kabisa na D ya biti, ndoa safi. Lakini 250 ni B, na biti ya G maina inataka B-fleti. Kwa hiyo kila ogani inapogusa ile B-fleti, kuna kitu kwa mbali kinaibishia. Hakikai, hakiondoki. Sikukipanga hicho, na sasa hata ukinilipa sikitoi.

Halafu likatokea la pili, na hili ndilo limekula usingizi wangu wote uliobaki. Milango miwili ya deki haizunguki kwa kasi moja. Mlango wa kucheza uko nyuma kidogo ya mlango wa kurekodi. Kwa hiyo mvumo wa kizazi cha kwanza, ukichezwa, unashuka chini ya 50, na mvumo mpya unaoingia unabaki 50 kamili. Mivumo miwili iliyokaribiana hivyo inapandana: inavimba, inanywea, inavimba, inanywea. Kama mtu mkubwa amelala chumba cha pili na unamsikia akivuta pumzi.

Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilizima taa nikaisikiliza tena.

Sasa pumzi hiyo inaweza kutuniwa. Mota za deki hizi nyuma zina kitundu kidogo, ndani kuna skrubu ya kasi. Biti yangu inakwenda mapigo 66 kwa dakika, baa moja (mapigo manne) ni sekunde 3.6 na ushee. Nikitaka mvumo uvute pumzi moja kwa kila baa, tofauti ya mivumo miwili iwe hezi 0.275, yaani milango ipishane kwa asilimia 0.55. Kupishana huko kunaishusha biti yenyewe senti 9 na nusu hivi. Basi kwenye laptopu siipandishi 35 tena, naipandisha 40, ili ikishashuka itue katikati ya mivumo miwili. Juzi usiku nikazungusha, nikapima kwenye Audacity, nikazungusha tena unywele mmoja (kinyume na saa ndiyo kupunguza, kwenye deki hii), na ikakaa. Goma linapiga, pumzi inavimba. Baa ya pili, goma, pumzi. Niliiacha ikaenda beti nzima sijashika kitu.

Kwenye kiitikio ikateleza. Mota ikipata joto inabadili mwendo, na pumzi inaanza kuchelewa, mpaka beti la pili inavuta wakati goma linapiga pembeni kabisa. Nimeacha deki iwake muda mrefu kabla ya kurekodi, inasaidia, haitoshi. Mkanda wa mpira nimebadilisha. Dogo wa Igoma anasema niiache iteleze kwa sababu inatisha zaidi. Dogo wa Igoma hajawahi kuhesabu baa maishani mwake, anachana kwa imani. Mimi nataka nione imeshika wimbo mzima walau mara moja, kisha nitaamua mwenyewe kama iteleze.

Niliijaribu kwenye bajaji yenye sabufa, maana kwenye simu hezi 50 hazisikiki, unabaki na watoto wake tu. Dereva akavumilia hadi katikati ya beti la kwanza. “Bro, hii nyaya zako zimegusana.” Nikamwambia ndio wimbo wenyewe. Akaongeza sauti, akasikiliza mpaka taa za barabarani, akasema, “Basi mfanye hivyohivyo, ila abiria wa usiku usimwekee.” Hayo ndiyo mapitio bora tuliyowahi kupata.

Kuhusu mistari, kwa kuwa suala la tuchane nini limerudi tena. Tulikubaliana na narudia: hatuchani MV Bukoba. Ilizama 21 Mei 1996, na hapa mjini ukihesabu nyumba chache tu unamfikia aliyepoteza mtu. Hatugusi watu wenye ualbino, wala vikongwe wanaouawa Kanda ya Ziwa eti macho mekundu ni uchawi, wakati ni moshi wa jikoni wa miaka yote. Mtoto wa Detroit anaweza kuchana shoka na damu, msikilizaji akajua ni sinema. Huku kuna mistari ambayo mtu akiisikia hatajua ni sinema. Na wala hatukosi vitu. Wasukuma walikuwa na Bayeye wa kucheza na nyoka hadharani, na Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma na dawa za kuvuta watu, zamani sana kabla mtu hajatia neno horrorcore mdomoni. Beti la Bayeye la mwana wa Kirumba ndilo kali kuliko yote kwenye kanda hii, na halina maiti hata mmoja.

Kitu kingine, haikuwa kwenye mpango. Mwana huyohuyo alirekodi wale korongo wenye vipara wa Mwaloni kwa simu. Ndege wale hawana sauti ya maana, wanagonganisha midomo: ka-ka-ka-ka. Nimeikata, nikaiweka mahali pa hi-hati (matoazi), nikaishusha kizazi kimoja kwenye kaseti. Nimefuta hi-hati zote za 808 kwenye biti tatu. Najua niliwaambia biti zimekamilika. Zimefunguliwa tena.

Kwa hiyo ratiba ya kunakili nakala za wote imesogea, jalada nalo limesogea zaidi. Natafuta mota ya deki isiyochoka, hata kama kichwa kimekufa, vichwa ninavyo. Natafuta pia kaseti tupu za dakika 60, sio 90. Utepe wa 90 ni mwembamba na deki hii inautafuna. Mwenye navyo aviache kwa mzee fundi Mabatini, aseme ni vya yule wa mvumo. Atajua.