Siku Moja Maishani Mwangu: Mzee na Klachi Yake ya Kwenye Boksi

Saa 2:00 asubuhi
Ovaroli sijaifunga vifungo, mzee kaingia na gari lake la siku nyingi, la gia za mkono. Akashuka na boksi kwapani.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, fundi. Klachi imekwisha. Mpya hii hapa, nifungie tu."

Seti nzima: diski, presha pleti na beringi yake. Mgonjwa akija na dawa mkononi, mimi huanza kwa kumuuliza anaumwa nini. Akanieleza kwamba asubuhi gia zinaingia vizuri, lakini gari likishapata moto kwenye foleni zinagoma, na rivasi ndiyo inasaga mpaka watu wanageuka.

Hapo nikaweka boksi pembeni. Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi, na ukikanyaga pedali inaachia. Iliyokwisha huteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Hii ya mzee inashika vizuri, ila haitaki kuachia. Ni magonjwa mawili, na watu wameyapa jina moja.

Saa 2:40
Nikahakikisha. Hendibreki juu, gia ya tatu, akseleta kidogo, nikaachia pedali taratibu. Injini ikazima palepale, maana yake diski bado inashika. (Jaribio hili fanya mara moja. Ukilirudiarudia unaichoma klachi yenyewe.)

Nikawasha tena, nikakanyaga mpaka chini, nikahesabu hadi tano, nikatia rivasi. Krrrr! Kama umesubiri hivyo na bado inasaga, ujue shafti ya giaboksi haijasimama, injini bado inaiburuza.

Nikapampu pedali mara tatu chapuchapu, nikajaribu tena. Ikaingia kimya. Tatizo liko kwenye mafuta yanayopeleka msukumo wa pedali hadi kwenye klachi, si kwenye diski.

Saa 3:15
Mafuta kwenye kikopo yako kwenye alama, ila meusi tii. Nikajipenyeza chini ya dashibodi na tochi, nikapitisha kidole nyuma ya pedali: pakavu. Nikafunua mpira wa vumbi wa silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi, chuma kinachoifanya iachie: pakavu vilevile. Nikajiambia ni masta, silinda ya juu inayosukumwa na pedali. Raba yake ya ndani ikichakaa, mafuta hupenya na kurudi kwenye kikopo, nje huoni hata tone.

Nikaifungua. Raba kweli zilikuwa na michubuko. Nikabadilisha, nikajaza mafuta ya breki mapya, nikatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama ya gari jipya. Nikajisifu moyoni.

Saa 5:00
Gari la pili lilikuwa na kijana wangu tangu jana, giaboksi iko chini. Hili klachi imekwisha kweli, na sababu ni sili ya nyuma ya injini, raba inayozuia oili isitoke, kuvuja na kulowesha diski oili. Ukifunga diski mpya ukaiacha sili ile, utarudi kulekule. Kijana alikuwa ameshika hozi ya upepo apulize vumbi, nikamzuia. Diski za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake si la kuvuta. Tukafuta kwa kitambaa kibichi.

Saa 6:30
Nikalizungusha gari la mzee. Dakika kumi safi kabisa. Ya ishirini, injini imeshika moto, rivasi: krrrr. Nilirudi nimenuna.

Saa 7:15 mchana
Nikafanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Kijana akanyage, mimi chini na rula. Fimbo ya silinda ya chini ilisogea milimita 8 tu. Masta nzima, hakuna uvujaji, sasa msukumo unapotelea wapi? Nikaushika mpira mfupi unaounganisha bomba la chuma na silinda.

"Kanyaga."

Ukanivimbia kiganjani kama koo la chura. "Achia." Ukanywea. Mpira wa miaka yote hiyo, umepita karibu na bomba la moshi: ukiwa baridi unajikaza, ukipata joto unalegea na kuvimba. Mguu wa mzee ulikuwa unajaza mpira badala ya kusukuma uma.

Saa 9:00 alasiri
Mpira mpya ukafungwa. Kutoa hewa tena: kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia, huku jicho moja liko kwenye kikopo kisikauke. Na ni mafuta ya breki peke yake. Nimeshaona mtu kamimina oili ya injini humo, raba zote zikavimba.

Rula: milimita 14.

Saa 10:30 jioni
Mzee kanikuta nimeacha injini inanguruma nusu saa nzima, feni ya rejeta inawaka na kuzima. Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Rivasi ikaingia bila kunong'ona. Nikamweleza pia kwamba kazi ya masta ya asubuhi simlipishi, kwa kuwa nililikimbilia jibu kabla ya kupima.

"Na hii klachi yangu?"
"Kairudishe dukani mzee, kama risiti unayo."

Akaligeuzageuza boksi, akaliweka kwenye buti. "Likae humo," akasema. "Siku yake itafika."

Akarudi nyuma hadi barabarani, gia kimya.