Nywele Tatu za Mgongoni

Watu wakijua kwamba nawinda kwa upinde wa mti, swali la kwanza huwa ni kuhusu kulungu wangu wa kwanza. Habari zake ni fupi. Alipita ubavu, nikavuta, nikaachia, akaenda hatua 60 akaanguka. Huyo alikuwa wa msimu wa nne. Anayenijia usiku nikikosa usingizi ni wa msimu wa tatu, niliyemkosa, kwa kuwa bila asubuhi ile nisingeufikia huo msimu wa nne. Upinde ungekuwa unaning'inia ukutani hadi leo, nami ningekuwa mtu wa kusema kwamba zamani niliwahi kujaribu.

Shida zangu zilianza na upinde wenyewe. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilichagua upinde wa ratili 60, yaani kama kilo 27 za kuvuta kwa vidole vitatu na kuzishikilia bila kutetemeka. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha, alinikataza. Mimi nilitaka nguvu. Nilidhani mnyama anauawa na uzito wa upinde, kumbe anauawa na chembe kali, yaani ncha ya mshale, iliyopita mahali pake, na kwa kazi hiyo upinde mwepesi ulionyamaza mkononi unatosha kabisa.

Upinde mzito huvifundisha vidole kukimbia. Sijui kama nitaeleweka na mtu ambaye hajapitia haya. Upinde wa mti hauna kifaa cha kulengea. Unavuta mpaka ncha ya kidole cha kati iguse pembe ya mdomo, mahali tunapopaita kituo, macho yakiwa yameganda kwenye doa dogo la mwili wa mnyama, kisha vidole vinalegea. Usipofika kituo, mshale unaondoka na nguvu pungufu na njia isiyo yake. Sasa, mwili uliochoka kubeba kilo 27 hutafuta nafuu. Leo unaachia upana wa kidole kabla ya kituo, kesho vidole viwili. Halafu siku inafika ambapo huwezi tena kufika hata ukitaka. Doa linapotulia machoni tu, mkono unafyatuka wenyewe, kama mtu anayeshtuliwa na mlango. Mjomba aliuita ugonjwa huo "kukimbia", na sijapata neno bora kuliko hilo.

Msimu wa pili nilikimbia mara nne mbele ya wanyama wanne. Watatu sitawasimulia. Wa nne alikuwa kulungu jike, hatua 12, amesimama ubavu, kichwa kimefichwa na shina la mti. Hakuna mwindaji wa upinde anayeomba zaidi ya hapo. Mshale wangu ulichoma udongo mbele ya kwato zake. Alinitazama, akaruka, akapotea. Niliutupa upinde majanini, nikakaa chini nikalia kwa hasira, mtu mzima mwenye kibali halali mfukoni na mikono isiyomtii.

Kipindi hicho kila niliyemweleza aliniambia mvumilivu hula mbivu. Walinitakia mema, lakini methali ile ilinichosha, maana nilikuwa nimevumilia misimu miwili na kilichoiva ni ubovu tu. Ukirudia kosa mara 1,000 kwa uvumilivu, unalikomaza. Mjomba hakunipa methali. Alinyang'anya ule upinde wa ratili 60, akanipa wa 45, akajaza gunia nyasi kavu na kuliegemeza kwenye kisiki. Kisha akaniambia nisimame hatua mbili kutoka kwenye gunia, nifumbe macho.

"Nifumbe macho nilenge nini?"

"Usilenge kitu, mjomba. Vuta, fika, kaa hapo, achia." Tuliitana mjomba kwa mjomba siku zote.

Miezi miwili nilipiga gunia macho yakiwa yamefumbwa, mishale 30 kwa siku. Ni kazi ya kuchosha moyo. Hakuna shabaha, hakuna cha kujivunia, ni mwili peke yake ukijifunza upya mahali kituo kilipo. Mwezi wa tatu akabandika jani dogo juu ya gunia na kuniruhusu kufumbua macho, kwa sharti moja: katika kila mara kumi nitakazovuta, mara tisa nirudishe upote, yaani uzi wa upinde, polepole bila kuachia. Siku ya kwanza nilishindwa kurudisha hata mara mbili. Jani lilipotulia machoni, vidole vilikimbia. Wiki ya tatu niliweza tisa. Sijawahi kumwambia mtu jinsi nilivyofurahi jioni hiyo, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba nimefanikiwa kutopiga?

Mishale nayo ilibidi ibadilishwe. Wano zangu za zamani, yaani vijiti vya mishale, zilikuwa ngumu mno kwa upinde wa ratili 45. Mshale unapoachiwa hupinda ukizunguka upinde, kisha hujinyoosha mbele ya safari. Ukiwa mgumu kupita kiasi haupindi vya kutosha, na kwa mtu wa mkono wa kulia kama mimi unaenda kushoto. Nilichonga wano laini zaidi, nikazijaribu kwanza bila manyoya ili nizione zinavyoruka, ndipo nikazifunga manyoya matatu matatu ya bawa la upande mmoja. Na nikasuka upote mpya. Huo upote muukumbuke.

Asubuhi yenyewe nilifika gizani. Palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya kijito, na kwa siku tano nilikuwa nimeona nyayo za kulungu chini yake. Sababu ilikuwa juu: tumbili. Kulipokucha walipanda kula kuyu, na tumbili ni walaji wa fujo, wanauma moja na kuangusha tatu. Kulungu anajua. Huja chini yao kuokota, na juu ya hayo hupata walinzi wa bure, maana tumbili wakipiga kelele naye hutoweka.

Nilikuwa na kitambaa chenye majivu. Nilikigonga, vumbi likateremka polepole kuelekea kijitoni. Ndivyo ilivyo alfajiri, hewa ya baridi hutiririka kushuka bonde, na jua likipasha mteremko hugeuka na kupanda. Kwa hiyo nilijua nina muda mfupi. Jua likipiga upande wangu, harufu yangu ingegeuka na siku ingekuwa imekwisha. Niliketi kwenye mizizi upande wa chini, mgongo umeegemea shina, upinde umelala mapajani, mshale tayari kwenye upote.

Alitokea bila sauti. Kulungu haji, huwa tu yupo. Kichaka kilichokuwa kitupu kilikuwa na dume ndani yake, pembe zimejisokota, madoa meupe pajani yakionekana kama mwanga unaopenya majani. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Alisogea, akaokota, akasimama, akasikiliza. Nilihesabu hatua kwa macho kama nilivyozoea kufanya kwenye miti: 30, kisha 25. Mpaka wangu wa kupiga ulikuwa hatua 25.

Nilivuta akiwa ameinamisha kichwa. Nilifika kituoni. Papo hapo akageuka, akanielekezea kifua. Huo si mshale wa kupigwa, mfupa wa mbele ni mwingi na njia ya mapafu ni nyembamba. Doa lilikuwa limetulia machoni. Msimu uliopita vidole vingekuwa vimekwisha kimbia. Nilirudisha upote. Polepole, mpaka upinde ukapumzika. Ilikuwa kama gunia na jani, mara ya tisa.

Kulungu aliokota tunda lingine. Tumbili waligombana juu. Nilihisi shavuni kwamba hewa imesimama, haishuki tena, na nilijua maana yake.

Akageuka ubavu, mguu wa mbele ukasogea mbele ukaacha wazi mahali nyuma ya bega. Nilivuta mara ya pili. Kidole kiligusa pembe ya mdomo, nikakihisi, na nikakaa pale. Sekunde nzima labda. Sikuwahi kukaa kituoni mbele ya mnyama hata robo ya muda huo. Kisha vidole vikalegea vyenyewe, bila mshtuko.

Upote ulisema *pwaa!* Nilimwona kulungu akizama, tumbo likikaribia majani, na mshale ukipita juu ya mgongo wake, halafu mahali pale hapakuwa na kitu. Alibweka mara mbili kutoka ndani ya kichaka, kule kubweka kwake kama mbwa mwenye kikohozi. Tumbili wakalipuka. Kimya kikafuata.

Nilingojea hasira ije. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilikuwa nimeiandalia nafasi. Haikuja. Nilibaki nimekaa, kidole bado kimegusa mdomo.

Mshale niliukuta umezama kwenye udongo laini, hatua chache nyuma ya aliposimama. Kwenye unyoya mmoja kulikuwa na nywele tatu. Hapo mwili ulipoa. Kukosa safi ni jambo moja. Kumjeruhi mnyama ukamwacha ni jambo jingine, na kwetu sheria ni kwamba umemjeruhi mpaka uthibitishe hukumjeruhi. Nilisubiri nusu saa bila kukanyaga nyayo zake, kisha nikavuka kijito kumwita mjomba.

Alizichukua zile nywele, akazilaza kwenye kiganja. Zilikuwa ndefu na ngumu. Za ubavuni ni fupi, alisema, ndefu hivi huota kwenye uti wa mgongo tu, pale anaposimamisha nywele zake akishtuka. Akapitisha kidole kwenye wano lote, akalinusa, akaitazama chembe kwenye mwanga. Hapakuwa na tone. Hata hivyo tulimfuata. Nyayo za mwanzo zilikuwa za mrukaji, kwato zimepanuka na kuchimba. Baada ya hatua 200 na kitu zilifungana, zikawa za mnyama anayetembea, miguu minne ikikanyaga kwa uzito sawa. Majani ya pande zote mbili yalikuwa makavu, hakuna damu hata ya kichwa cha sindano. Tulikwenda hatua 300 nyingine kwa ajili ya moyo wangu, si wa mjomba, maana yeye alikuwa amesharidhika.

Tulipoketi ndipo akauliza.

"Mjomba, ulifika?"

"Nilifika."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili. Ya kwanza nilirudisha."

Alinyamaza kwa muda. Sijui alikuwa anafikiri nini, lakini aliniwekea mkono begani na hakuuondoa upesi. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akapandisha shati. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nyekundu, ndefu, ya upote.

"Hii ya lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na upinde ulianza kupiga kelele lini?"

Nilifikiri. Wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshughulika mno na vidole vyangu hata sikuusikia.

Aliuchukua upinde ukiwa umefungwa upote, akaweka ngumi kwenye mshikio na kuinua dole gumba. Ndicho kipimo cha wazee, ngumi na dole gumba, kwa watu wengi ni kama sentimita 18. Ncha ya dole gumba inatakiwa iguse upote. Lake liliupita. Upote mpya ulikuwa umenyooka kwa matumizi, ukakaribia mti, na upote uliokaribia mti hupiga kifundo cha mkono na kupiga kelele.

Nilipiga hesabu baadaye, na naiweka hapa kwa sababu ilinisaidia kuliko faraja yoyote. Hatua zangu 25 ni kama mita 20. Mshale wa upinde kama ule huenda karibu mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo ulihitaji sehemu nne za kumi za sekunde kufika. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde. *Pwaa* ilimfikia kulungu wakati mshale ndiyo kwanza umeondoka mkononi mwangu. Hakuukwepa mshale, hakuuona. Mnyama anayetaka kuruka hukunja miguu kwanza, na katika muda uliosalia mwili unaweza kushuka zaidi ya kiganja. Mshale ulikwenda pale nilipotazama. Yeye ndiye hakuwepo.

Misimu mitatu, na huo ulikuwa mshale wangu wa kwanza porini kwenda nilikoutuma.

Mjomba alifungua upote, akausokota mizunguko kumi ili ufupike, akaurudisha. Akafunga vishungi viwili vya manyoya ya sungura, kimoja juu na kimoja chini, vya kuumeza mtikisiko. Akanipa mshale, akaonyesha kichuguu laini hatua kumi mbele, na yeye mwenyewe akanigeukia mgongo.

"Piga. Mimi nasikiliza."

Nilivuta, nikafika, nikaachia.

"Bado," alisema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka ili nimpe upinde. Akausokota mizunguko mitatu mingine.

"Tena."